Shajara ya maabara ya algoriti: guta moja, vituo 14 na barabara za Dar

Naandika hapa kila hatua inapokamilika, kwa ajili ya mwalimu yeyote mwenye maabara chakavu na wanafunzi wengi kama mimi. Somo ni usanifu wa algoriti (hatua za kompyuta kutatua tatizo) na uboreshaji, mwaka wa pili, saa 3 za maabara kwa wiki. Nadharia wanaipata darasani kwa mwenzangu. Mimi nawapokea wakiwa mbele ya kibodi.

Mwaka jana kila wiki ilikuwa na tatizo lake, na muhula ulipoisha kila mwanafunzi alibaki na programu 12 zisizojuana. Safari hii nimechukua tatizo moja la kutuchukua karibu muhula mzima. Guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubeba mizigo, linatoka ghala la Kariakoo na katoni za maji ya kunywa, linapita madukani, linarudi Kariakoo. Njia fupi kuliko zote ni ipi? Vitabu vinaliita tatizo la mchuuzi msafiri. Vituo ni 14: Kariakoo, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Sinza, Mwenge, Kinondoni, Msasani, Buguruni, Tandika, Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni. Ghala na maduka ni ya kubuni, mitaa ni ya kweli.

Jumatatu, 3 Machi 2025: Vifaa

Kompyuta 24, zinazowaka 19. Ramu (kumbukumbu ya kazi) GB 4 kila moja, Linux, lugha ya programu Python 3.8. Wanafunzi ni 78, wawili wawili kwa mashine, vipindi viwili, kwa hiyo nahitaji mashine 20 zisizozima katikati ya kazi.

Nilinunua vijiti 8 vya ramu vilivyotumika, shilingi 18,000 kimoja, jumla 144,000. Vitatu vilikuwa vibovu. Muuzaji alibadilisha viwili, cha tatu akasema tumekichoma wenyewe. Ukienda kununua, nenda na flashi yenye programu ya kupima ramu na uombe kupima palepale. Nusu saa ya kusimama dukani ingeniokolea 18,000. Betri mbili za UPS (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika), 90,000. Kebo na vichwa vyake, 35,000. Zinazowaka sasa ni 21. Tumeanza.

Jumatatu, 10 Machi: Utafutaji uliochukua miaka 16

Zoezi la kwanza lilikuwa la kupasha misuli: tafuta namba kwenye orodha, kwanza kwa kupita moja moja, kisha kwa kugawa nusu. Pima muda, chora grafu. Nilitenga dakika 40. Yakaisha masaa yote 3 na grafu moja tu ndiyo iliyokuwa na umbo la kueleweka.

Kosa la kwanza lilikuwa la kawaida: wengi waliacha amri ya print, ya kuandika kwenye skrini, ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia), kwa hiyo walichopima ni kasi ya skrini. La pili lilinichukua muda kuling'amua. Wenye laptop zao wenyewe walikuwa na matokeo yanayopishana karibu mara mbili kwa kodi (mistari ya programu) ileile. Kumbe wenzao waliowahi soketi walikuwa kwenye umeme, wao kwenye betri, na laptop ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo wa prosesa ili isizime mapema.

La tatu ndilo litakalobaki kumbukumbu. Kikundi cha dirishani waliniita: "Madam, njoo uone." Programu yao ilidai utafutaji wa kupita moja moja umechukua zaidi ya sekunde milioni 510. Nikapiga hesabu: miaka 16 na ushei. Ile mashine betri yake ya ubao, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa, ilikuwa imekufa. Kila inapowashwa inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2009. Dakika chache baadaye ikapata mtandao, ikajirekebishia saa kimyakimya, katikati kabisa ya zoezi. Wao walikuwa wanatumia time.time, ambayo inasoma saa ya ukutani: ukisogeza mshale, na kipimo chako kinasogea.

Tiba: kila mtu anatumia time.perf_counter, ambayo haijali tarehe wala hairudi nyuma. Pima mara 7, chukua thamani ya katikati, usichukue wastani (jaribio moja lililokwama linaharibu wastani wote). Laptop zote kwenye umeme au zisitumike. Betri za ubao 11 kwa 1,500 kila moja, 16,500. Tulirudia zoezi zima wiki hiyohiyo kwa dakika 30, grafu zikatoka safi.

Jumatatu, 17 Machi: Kupanga kilichokwisha kupangwa

Mfungo unaendelea, kipindi cha jioni nimekirudisha saa 8 mchana ili watu wawahi futari.

Upangaji wa haraka (quicksort) wa mtaalamu wa kompyuta Hoare, wa 1961, waliuandika vizuri. Kwenye namba za kubahatisha ulikimbia. Kisha nikawapa faili la namba za usajili 1,200, programu zikaanguka moja baada ya nyingine, RecursionError mashine nzima nzima. Faili lilikuwa limekwisha kupangwa tangu ofisini. Wote walikuwa wamechukua kipengele cha kwanza kuwa nguzo (cha kulinganishia vingine), na kwenye orodha iliyopangwa cha kwanza ndicho kidogo kuliko vyote: upande mmoja unabaki mtupu, mwingine na vilivyobaki vyote. Funksheni ilihitaji kujiita ndani ya nafsi yake karibu mara 1,200, na kikomo cha kawaida cha Python ni 1,000.

Bwana mmoja akapandisha kikomo hadi milioni moja, akaleta orodha ya 100,000 iliyopangwa. Programu ikafa bila hata ujumbe wa Python, Segmentation fault basi, yaani mfumo wenyewe umeikatisha. Nilimshukuru, maana kila muhula yupo wa kujaribu hivyo na ni vizuri atokee mapema. Dawa ni kuchagua nguzo kwa kubahatisha. Mstari mmoja.

Jumatatu, 24 Machi: Guta likaenda kuuza maji Hispania

Tulianza guta lenyewe. Wanafunzi walitoa viwianishi (latitudo na longitudo) vya vituo 14 kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni (bando la wiki, 20,000), tukaandika funksheni ya umbali juu ya tufe, kisha algoriti mroho: kutoka ulipo, nenda kituo kilicho karibu ambacho hujafika. Mzunguko ukatoka kilomita 79 kwa mstari wa ndege. Nikasema sawa, namba inaingia akilini, tuendelee.

Haikuwa sawa. Wiki nzima nisingejua kama fundi wetu wa maabara asingejaribu kuuchora mzunguko juu ya ramani kwa hiari yake. Akaniita: "Madam, mbona hapa pameandikwa España?" Vituo vyote 14 vilikuwa vimejipanga magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno.

Chanzo ni hiki. Faili za ramani za GeoJSON huandika longitudo kwanza, latitudo baadaye. Funksheni yetu ilitarajia latitudo kwanza, kama wengi tunavyosema kwa mdomo. Dar iko karibu latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.2 mashariki. Zikibadilishana nafasi unapata 39.2 kaskazini na 6.8 magharibi, na pale ni nchi kavu, mashamba na barabara, hakuna cha kukushtua. Kibaya zaidi, umbali ulikuwa unakaribia ukweli. Kwenye latitudo 39 mistari ya longitudo imeshasogeleana, kila nyuzi ina upana wa kama asilimia 78 ya ule wa ikweta, kwa hiyo kila safari ya kaskazini-kusini ya Dar ilifupishwa kwa zaidi ya moja ya tano, na za mashariki-magharibi zikabaki karibu vilevile. Mzunguko wa kweli ulikuwa kilomita 88. Kosa la namna hii ni baya kuliko la RecursionError, maana lile angalau linapiga kelele.

Tangu siku hiyo kuna jaribio ambalo kila kikundi lazima kilipitishe kabla ya kugusa data. Umbali kati ya (latitudo −6, longitudo 39) na (−7, 39) lazima uwe kama kilomita 111. Ukipata 86, umegeuza. Na hakuna jibu linalopokelewa bila picha juu ya ramani. Hili nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo.

Jumatano, 9 Aprili: Njia zote, na ramu iliyokwisha

Baada ya Idd na Siku ya Karume. Swali: algoriti mroho imetoa 88, iliyo bora kabisa ni ngapi?

Njia ya nguvu: jaribu mipangilio yote. Ukiishikilia Kariakoo mwanzoni, vituo 11 vina mipangilio 3,628,800, sekunde 7 kwenye mashine zetu. Vituo 12, sekunde 84. Vituo 13, dakika 17 na nusu. Niliwaacha waisubiri hiyo ya 13 bila kuwaambia kitu, wengine wakatoka kwenda kununua vocha, wakarudi, bado. Kisha nikawauliza 14 itachukua muda gani. Kuzidisha kwa 13 wanajua: karibu saa 4. Vituo 20 ni miaka elfu kadhaa, na hapo darasa lilicheka kidogo kisha likanyamaza.

Ndipo nikawaletea njia ya watafiti Held na Karp ya 1962. Wazo lake ni kwamba ukishapita Magomeni, Sinza na Mwenge na sasa uko Mwenge, mbele yako hakujali ulizipita kwa mpangilio gani; kumbuka ile fupi tu, nyingine tupa. Vituo 14 vikatoka kwa sekunde chache: kilomita 74. Yaani uroho ulikuwa umetugharimu kilomita 14 kwa kila mzunguko.

Furaha ilidumu hadi tulipojaribu vituo 20. Mashine zikaanza kusaga diski, kipanya kikaganda, tatu zikazimwa kwa kubonyeza swichi. Wanafunzi walihifadhi hali zote kwenye kamusi ya Python (hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani), ufunguo ukiwa ni seti ya vituo pamoja na kituo cha mwisho. Hali ni kama milioni 5 au zaidi kutegemea unavyoandika, na kila moja inakula baiti mia kadhaa kwa sababu seti, jozi na namba zote ni vitu kamili kwenye kumbukumbu. GB 4 hazitoshi hata kidogo.

Suluhisho lilichukua kipindi kizima na naona ndicho kipindi bora cha muhula. Seti ya vituo tuliiandika kama namba moja kamili: biti ya 0 ni Magomeni, biti ya 1 ni Manzese, na kadhalika, 1 maana yake kimepitwa, 0 bado. Kariakoo haihitaji biti kwa kuwa ndiyo mwanzo. Kwa vituo 20 zinabaki biti 19, hali 19 × 524,288, yaani 9,961,472. Ukiziweka kwenye safu bapa ya baiti 8 kila moja unapata kama MB 80. Kutoka mashine kuganda hadi MB 80, algoriti ni ileile. Muda bado ulikuwa dakika kadhaa, lakini ilimaliza.

Jumatatu, 14 Aprili: Programu iliyokesha

Hatua ya kuboresha: chukua mzunguko wa mroho, tafuta viungo viwili vinavyokatana, vikate, geuza kipande cha katikati, unga upya. Mtafiti Croes aliichapisha 1958 na bado ni silaha ya kwanza ya kila mtu. Wengi walimaliza ndani ya saa moja na kupata 76 au 75.

Kikundi kimoja programu yao haikukoma. Wakaiacha usiku kucha, asubuhi bado inaandika "nimeboresha" kwa kasi ya kutisha, na urefu umesimama palepale. Nilikaa nao. Tukaichapisha tofauti kamili:

-1.7763568394002505e-15

Hicho ni kiasi ambacho kila badiliko lilidai kuokoa, kwa kilomita. Ni umbali usiofika upana wa atomi. Tukafuatilia ni badiliko lipi, likaonekana ni moja linalorudiwa: geuza vituo vyote isipokuwa Kariakoo. Ukifanya hivyo mzunguko ni uleule, unapitwa kinyume tu, kwa hiyo faida ni sifuri. Lakini kodi yao ilihesabu x + y − y − x kutoka kushoto kwenda kulia. Kompyuta inapojumlisha x na y inakata ncha ndogo ya mwisho isiyoingia kwenye biti zake, na ncha ile hairudi unapotoa. Jibu likawa hasi kidogo, programu ikaona imepata faida, ikageuza. Duru iliyofuata x na y zimebadilishana nafasi, ncha ileile imekatwa, hasi tena. Basi ikageuza na kugeuza, kila mara ikiamini inasonga mbele.

Marekebisho ni mawili na nimeagiza yote. Kwanza, ruka jozi za viungo vinavyogusana kwenye kituo kimoja, maana hakuna cha kuboresha hapo. Pili, kubali badiliko kama faida inazidi 1e-9 (sehemu moja ya bilioni ya kilomita) tu. Iliyo chini ya hapo ni vumbi. Niseme ukweli, maelekezo yangu mwenyewe ya mwaka jana yalikuwa na "< 0" tupu, ila hakuna aliyenaswa.

Jumatatu, 28 Aprili: Maji ya Kigamboni

Mzunguko bora wa kilomita 74 ulipita Kigamboni ukitoka Tandika, kisha Kariakoo. Kwenye karatasi ni safi. Mwanafunzi anayekaa Kigamboni akanyosha mkono: guta linavukaje? Mstari wa ndege ulikuwa umekatiza bahari mlangoni mwa bandari kama vile hakuna maji.

Kwa hiyo tuliachana na mstari wa ndege. OpenStreetMap ya Dar ina undani wa kuaminika, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambao wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa kuchora mitaro na vichochoro kwa ajili ya mafuriko. Tulichukua barabara, tukazigeuza grafu (hapa ni mtandao wa viungo na makutano, si mchoro) yenye nodi, yaani makutano, zaidi ya laki moja, tukatumia algoriti ya Dijkstra, ya kutafuta njia fupi, kutoka kila kituo. Vikundi vilivyotafuta nodi ya karibu kwa kupekua orodha nzima kila hatua viliambulia kusubiri. Kwa heapq, foleni ya Python inayotoa kilicho kidogo kuliko vyote kwa haraka, ilikuwa sekunde chache kwa kituo.

Makosa mawili. La kwanza, Msasani ilirudisha umbali usio na mwisho. Nodi iliyo karibu na kiwianishi chetu ilikuwa ya njia ya ndani ya uzio isiyoungana na barabara yoyote. Sasa tunatafuta kwanza lile kundi kubwa la nodi zilizoungana, na kiwianishi kinanaswa humo tu.

La pili, pantoni (kivuko cha Kigamboni) ilitoweka. Tulichuja kila kilichoandikwa kuwa barabara, na pantoni kwenye ramani haiandikwi hivyo, ina alama yake. Ikabaki njia ya daraja la Kigamboni, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016. Tuliirudisha pantoni kwa mkono kama kiungo. Lakini kina urefu gani? Kwa kilomita ni kifupi mno, guta lingekipenda siku zote. Nilikwenda Magogoni, panapopandiwa pantoni, na vijana wawili kupima kwa saa, tukavuka mara tatu (bodaboda na nauli, 22,000), na muda wa kusubiri haukufanana hata mara mbili. Hapo tukaacha kilomita tukahamia dakika, na pantoni tukaipa thamani ya katikati ya tulivyopima. Vipimo vitatu ni vichache, najua.

Jumatatu, 12 Mei: Maduka 40, na karatasi ukutani

Masika yamekolea. Nilitoa zoezi dogo: futa kwenye grafu barabara ya Morogoro pale Jangwani, kama inavyofungwa mto Msimbazi ukijaa, kisha hesabu upya. Dakika 20, bila matatizo. Hili litabaki kwenye kozi.

Kisha maduka 40, ambayo Held na Karp hawayawezi. Tulitumia njia ya kupoza taratibu, ya mtafiti Kirkpatrick na wenzake ya 1983: mwanzoni ukubali hata mabadiliko mabaya mara nyingi, kisha kadiri joto (namba inayoamua unakubali mabaya kiasi gani) linavyoshuka uwe mkali zaidi, kama mhunzi anayepoza chuma polepole ili kisivunjike. Wengi walipoza haraka mno na kuishia na matokeo mabaya kuliko ya kugeuza vipande. Kushusha joto kwa kuzidisha 0.9 kila hatua hakukufaa; 0.9995 kulifaa. Kwa zoezi hili tulirudi kwenye kilomita za barabarani, bila pantoni, ili vikundi vilinganishwe.

Vikundi vingi vilipata kati ya kilomita 214 na 219. Kimoja kikapata 211.6. Nikaomba warudie mbele yangu: 215.3. Tena: 214.8. Hawakuwa wameweka mbegu ya namba za kubahatisha (namba ya kuanzia inayofanya matokeo yaweze kurudiwa), na umeme ulikatika kabla hawajahifadhi chochote zaidi ya orodha ya vituo waliyoiandika daftarini. Kuanzia sasa kila programu inachapisha mbegu yake kwenye mstari wa kwanza, na isiyo na mbegu haisahihishwi.

Kuchapa maelekezo, nakala 78 za kurasa 4 kwa shilingi 100 ukurasa, 31,200. Jumla ya muhula ni shilingi 358,700, na betri moja ya UPS imeshaanza kuvimba.

Ule mzunguko wa 211.6 tumeunakili kwenye karatasi na kuubandika ukutani. Nimejumlisha umbali wake kwa kikokotoo mara mbili, ni sahihi. Mashine 20 zimeachwa zikikimbia kwa siku tatu, kila moja na mbegu zake, na bora iliyopatikana hadi leo asubuhi ni 212.0.